Umpende Jirani, na Nafsi Yako Usiitupe

Neno letu la mwezi huu linatoka Mambo ya Walawi sura ya 19. Wengi tunaijua amri ya kumpenda jirani kama nafsi zetu kutoka kinywani mwa Yesu, Marko 12:31, lakini yeye aliitoa katika torati, mstari wa 18 wa sura hiyo. Endelea kusoma mpaka mstari wa 34 utakuta Mungu anairudia kwa habari ya mgeni: naye apendwe vivyo hivyo, kwa sababu Waisraeli wenyewe walikuwa wageni Misri. Basi amri hii walipewa watu waliokuwa njiani, wanaolala katika mahema. Walipewa watu kama sisi.

Upande wa jirani, hapa Nyarugusu tunaufahamu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu tuliovuka Ziwa Tanganyika tukitoka Kongo. Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walipokimbia, maelfu walikwama pale Kagunga, kipindupindu kikawaingia, na meli ya Liemba ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma. Walipofika hapa, wengi walilala ndani ya makanisa na madarasa. Wako waliowaazima sufuria na kuwapisha bombani, ingawa foleni ya maji ilikuwa ndefu tayari. Mungu aliyaona hayo.

Lakini leo nataka tukae kwenye yale maneno ya mwisho, kuhusu nafsi yako. Hayo huwa tunayaruka. Kumbe hapo ndipo Mungu ameweka kipimo! Mtu anayejiona takataka atampimia jirani kitu gani?

Mwaka 2023 mgawo uliposhushwa hadi nusu, wako akina mama waliowapakulia watoto chungu chote, wao wakanywa maji na kusema wameshiba. Upendo huo ni mkubwa, siwezi kuusema vibaya. Lakini mama akianguka bombani, nani atawapikia watoto hao kesho? Wako akina baba ambao kule nyumbani walikuwa wavuvi, walimu, wenye mashamba, na sasa wanakaa mlangoni tangu asubuhi wakijiambia kwamba wao si wanaume tena. Neno hilo halibaki moyoni. Jioni linatoka, linakuwa ukali kwa mke na fimbo kwa mtoto. Na wako wanaojihukumu kwa sababu wao walipona na ndugu zao walikufa. Hata wakicheka kidogo wanaona wamewasaliti marehemu. Ndugu yangu, kupona kwako si dhambi. Hakuna andiko linalokutaka uitubu.

Someni 1 Wafalme 19. Elia amemkimbia Yezebeli, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani peke yake. Akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Angalieni Mungu alifanya nini. Hakumkemea. Hakumwambia aongeze imani, wala hakumhubiria (sisi wachungaji tungempa mahubiri ya saa mbili). Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamwamsha ale, maana safari ilikuwa kubwa. Ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko Mungu alikomwuliza habari zake. Chakula na usingizi vilitangulia, maswali yakaja baadaye.

Mwingine atasema: Mchungaji, Paulo katika 2 Timotheo 3:2 si anatuonya juu ya watu wanaojipenda wenyewe? Ndiyo, anaonya. Soma mstari wote: anawataja pamoja na wapenda fedha, wenye kiburi, wasio na shukrani. Huyo ni mtu anayefunga mlango ale peke yake. Elia hakumnyang'anya mtu mkate. Alipokea alichopewa.

Hata yule Msamaria wa Luka 10 tunamhubiri nusu. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni. Kesho yake alitoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba, akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Kisha akaendelea na safari yake. Alifanya la kwake, lililobaki akamwachia mwingine, wala hatusomi kwamba Yesu alimlaumu. Na yule majeruhi naye alikubali kubebwa. Kwa baadhi yetu hapo ndipo pagumu: kutoa tunajua, kupokea kunatutia haya.

Kwa hiyo, mama, juma hili pakua sahani yako pamoja na za watoto, hata kikiwa kidogo. Baba, ukianza kujitukana, jiulize kama ungeweza kumwambia maneno hayo rafiki yako aliyepoteza shamba kama wewe. Kama usingethubutu, na wewe usijiambie. Halafu ondoka hapo mlangoni, nenda ukamsaidie jirani kukandika nyumba kabla ya mvua. Na wewe ambaye usiku unarudishwa kule kule ulikotoka, ukilia hujakosa imani. Yesu alilia kwenye msiba wa Lazaro. Kwenda kwa mshauri pale kituo cha afya si kumwacha Mungu, kama vile kunywa dawa ya malaria si kumwacha.

Kila Jumapili baada ya ibada, wazee wa kanisa na akina mama wa maombi hubaki kanisani kwa ajili ya yeyote aliyelemewa. Hawatakuuliza maswali mengi. Njoo hata kama huna la kusema.