Povu, Upawa na Mama wa Ulezi

Ndugu msomaji, hivi mtu anadaiwa kuungama kosa ambalo hana hakika kama ni lake? Usinijibu haraka. Swali hili nimelala nalo miaka kadhaa sasa, na lilianzia kwenye pipa la mbege.

Mwaka nilipomaliza kidato cha nne nilikaa kwa shangazi yangu Majengo, Moshi mjini. Kazi sina, nasubiri matokeo, nashinda naandika riwaya kwenye daftari la hesabu. Shangazi alikuwa anapika mbege, na kodi ya nyumba ilitoka humo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa masaa mengi mpaka ziwe nyekundu, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa. Maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na magome kidogo ya msesewe ili kuleta uchungu. Hapo unafunika, unalala. Hamira ya dukani haitiwi hata chembe.

Siku moja shangazi alichanganya jioni, akaenda kulala msibani, akaniachia pipa. Nikafunua nichungulie tu. Mama yangu! Juu limetanda povu zito la rangi ya udongo, lina madonge yanaelea kama uchafu wa mtaroni, halafu linapumua. Mimi msomi nikaona aibu: wateja wanywe kitu kile? Nikachukua upawa, nikaengua lote, nikamwaga uani. Upawa wenyewe mchana ulikuwa kwenye maziwa mgando, na niliusuuza kwa maji baridi tu. Tena nikasahau kufunika.

Kesho yake pombe ilikuwa siki. Shangazi alionja, akatema, akasema neno moja: "Ulezi." Akaenda sokoni kumgombeza mama aliyemuuzia, eti kampa ulezi wenye ukungu. Mbele za watu. Yule mama akaapa kwa watoto wake. Tangu siku hiyo shangazi hakununua kwake tena, na wapika mbege wenzake watatu wakahama naye. Mimi nilikuwepo, nimebeba kikapu, kimya.

Baadaye nikasoma. Kumbe lile povu halikuwa uchafu. Chachu ni viumbe hai, vidogo hata macho hayavioni. Vinakula sukari, vinatoa kilevi na hewa ya kaboni dayoksaidi, na viputo vya hewa hiyo ndivyo vinavyovinyanyua mpaka juu. Sukari ikiisha, vingi hutulia na kuzama vyenyewe. Hata kule Bavaria, sheria yao ya bia ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji basi, chachu haikutajwa. Kwa hiyo katika kutojua ninao wenzangu wakubwa. Lakini Louis Pasteur naye, katika kitabu chake cha 1876 juu ya bia na magonjwa yake, alieleza kwamba bia huharibiwa na vijidudu vingine vinavyojiingiza. Yaani upawa wangu. Yaani pipa lililolala wazi, na inzi wa uani.

Kuna wakili kichwani mwangu, huyu hachoki. Ananiambia: wapo watengeneza bia Uingereza wanaoengua povu na bia haiharibiki, tena wanalitunza la kuanzishia pipa jingine. Ananiambia: usiku mmoja ni mfupi mno kwa upawa kugeuza pipa zima kuwa siki. Na ulezi ule pengine kweli ulikuwa na ukungu. Hoja safi, nazipenda. Ila hoja zote hizo nilizitafuta kwa ajili yangu. Yule mama sikumtafutia hata moja. Yeye alihukumiwa kwa "huenda", mimi nimeachiwa kwa "huenda" ile ile.

Rafiki yangu mmoja anasema kuungama leo ni kujisafisha tu, wateja hawatarudi. Inawezekana. Lakini shangazi angali anapika, na akifika pale sokoni angali anazunguka upande wa pili.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule mama nikanunua ulezi kilo mbili, ingawa sina kazi nao. Akapima, akaniongeza kiganja kimoja.

"Shangazi yako hajambo?" akaniuliza.

Nikasema hajambo, nikapokea chenji.