Kabla Hujafuta, Pima

Nawaandikia ninyi wa Nyegezi, Igoma, Buswelu na Kirumba ambao kompyuta ya nyumbani imeanza kuwaonyesha mstari mwekundu kwenye diski C, na tayari mmeambiwa kwamba dawa ni moja tu: kupiga Windows upya. Msikubali haraka. Kupiga Windows ni kazi halali, ila fundi mwenye foleni ya wateja hufuta C yote bila kuuliza kilichomo. Na C ndiyo inayobeba kila mlichokiacha kwenye uso wa kompyuta, pamoja na folda za Documents na Pictures. Mashine itarudi nyepesi, lakini picha za kipaimara cha binti hazitakuwemo.

Diski iliyojaa ni kama mtumbwi uliopakiwa mzigo hadi mpiga kasia akakosa pa kukaa. Mfumo wenyewe unahitaji nafasi ya kufanyia kazi: kuweka mafaili ya muda, kuhamishia shughuli pale RAM inapozidiwa, kupokea masasisho. Ukiunyima, kompyuta huanza kuganda na masasisho hugoma. Mimi hupenda sehemu moja kati ya tano ibaki wazi. Kwa mwenye diski ndogo, walau moja kati ya kumi. Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi, kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali diski iliyo chini ya GB 64.

Sasa, mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kugusa faili lolote, fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha Hifadhi. Kompyuta itakuonyesha programu zimekula kiasi gani, video kiasi gani, mafaili ya muda kiasi gani. Nimeona vijana wakikesha wanafuta barua za maombi ya kazi na madokezo ya chuo. Hayo ni maandishi tu. Hata mia yake hayafikii ukubwa wa video moja ya send-off. Mzigo uko kwenye video: filamu zilizotafsiriwa mlizowekewa kwenye flashi pale kibandani, tamthilia za misimu mitano, vichekesho vya magrupu ya WhatsApp vilivyohamishwa kutoka kwenye simu, na harusi ya kaka iliyopigwa kwa kamera mbili kuanzia saluni hadi kukata keki.

Hapo jiulize swali moja kwa kila kitu: hiki kikipotea, nitakipata tena? Filamu utaipata. Wimbo utaupata. Programu ya kusakinisha utaipakua tena, tena toleo jipya zaidi. Hivyo futa bila huruma. Lakini aliyewahi kupiga picha foleni ya magari kivukoni Kigongo, watu wamekaa juu ya mizigo wakisubiri kuvuka kwenda Busisi, hawezi kuipiga tena leo. Daraja la J. P. Magufuli lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na sasa watu huvuka zile kilomita tatu kwa dakika chache. Picha ile huenda haifiki hata MB tano. Ukiifuta ili ubakize msimu wa pili wa tamthilia, mimi sina la kukwambia. Ndivyo ilivyo pia kwa sauti ya bibi akisimulia kwa Kisukuma, na kwa hesabu za dagaa za mama zilizoanza siku alipopata meza yake mwaloni. Vitu hivi vina uzito mdogo kabisa kwenye diski, na ndivyo vinavyopotea kwanza, kwa sababu havina jina la maana: IMG hivi, REC vile. Vipeni majina na mwaka leo, mkiwa bado mnakumbuka nani ni nani.

Pa kuanzia kufuta ni folda ya Downloads. Humo mtakuta fomu moja imepakuliwa mara nne, na mafaili ya kusakinishia programu ambazo zimekwisha kusakinishwa. Mkimaliza, mwageni pipa la taka la kompyuta, maana kilichomo humo bado kinakalia nafasi ileile. Kisha rudini kwenye Hifadhi, mfute mafaili ya muda. Kama kompyuta imepandishwa toleo karibuni, kunaweza kuwa na folda ya Windows.old yenye GB nyingi. Mfumo huiondoa wenyewe baada ya siku 10 hivi, lakini mkiridhika kwamba kila kitu kinafanya kazi, mnaweza kuiondoa mapema kupitia hapohapo.

Programu isiyotumika itolewe kwa njia yake, kwenye orodha ya programu, si kwa kufuta folda yake. Folda ya Windows yenyewe usiguse. Na yale matangazo ya programu za kusafisha yanayokupigia kelele kwamba kompyuta ina makosa mamia, yapuuzeni. Mengi yanauza hofu. Wapo pia wanaodhani kupanga upya diski, ile defragi, huongeza nafasi. Haiongezi. Huifanya diski ya zamani inayozunguka isome haraka kidogo, na kwa SSD, ile diski mpya isiyozunguka, haina faida yoyote, inaichosha bure.

Tuje kwenye kuhamisha. Ushauri wa mitandaoni ni kupeleka kila kitu juu, kwenye wingu. Kwa bando tunalonunua hapa, kupandisha GB 100 ni kuchoma pesa, na nafasi ya bure yenyewe ni finyu: Google hutoa GB 15, OneDrive GB 5. Pelekeni juu yale machache yasiyopatikana tena. Mizigo mizito iende kwenye diski ya nje, ile ekstenali. Tena mjue: folda iliyounganishwa na OneDrive ukiifuta kwenye kompyuta, inafutika na kule juu. Kuna chaguo la kuondoa nakala ya kompyuta peke yake, litafuteni hilo.

Ekstenali nunueni kwa muuzaji atakayekuwepo kesho. Flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni feki: itapokea mafaili yote kwa heshima, kisha mengi hayatafunguka. Kwa hiyo mkishanakili, fungueni mafaili kadhaa, hasa yale ya mwisho, myaone yakicheza, ndipo mfute ya asili. Na msigombane na muuzaji kwa sababu diski ya GB 500 inasoma 465. Hajawaibia, kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Lakini kwa vile visivyopatikana tena, ekstenali moja haitoshi. Viwe na nakala mbili, na moja ilale nyumba nyingine, kwa shangazi Misungwi au kwa kaka Sengerema, maana mwizi akiingia huchukua kompyuta na ekstenali kwa pamoja.

Neno la mwisho ni kwa anayetaka kuuza kompyuta yake ya zamani anunue yenye nafasi kubwa. Kufuta na kumwaga pipa si kuangamiza: mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuyatoa, na vitambulisho vyenu, taarifa za benki na picha za watoto vikawa mikononi mwa mtu msiyemjua. Mwambieni fundi asafishe diski nzima kwa njia inayoandika juu ya kila kitu, au itoeni diski mbaki nayo. Bei ya kompyuta itashuka kidogo, na hiyo ni hasara ndogo mnayoweza kuivumilia.