Haki ya Kusimamisha Mtambo

Kiwanda cha Lubumbashi kinachochenjua shaba kwa tindikali hukuonyesha hofu zake kabla hakijakuonyesha shaba. Ukivuka geti unakutana na rundo la salfa ya njano, magunia ya chokaa yaliyofunikwa turubai, matangi ya dizeli, kisha safu ya jenereta. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo huingia kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita zipatazo 90 kutoka mjini. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka huo kwa siku chache: Kongo ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, wasafirishaji wakaandamana, na ugomvi wa soda ukaziba njia ya shaba. Sehemu ya umeme nayo hutoka mbali. Njia kuu ya kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi ina urefu wa kilomita 1,700 hivi, na ikipata hitilafu popote pale, sisi huku tunaweza kubaki gizani.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotuletea somo la kampuni ya magari ya Toyota wakianzia kwenye ghala. Taiichi Ohno, mhandisi aliyeujenga mfumo wao wa uzalishaji miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, alitaka kila kipuri kifike saa kinapotakiwa na kwa kiasi kinachotakiwa, bila akiba ya kulala. Ni somo zuri, lakini linataka barabara inayotimiza ahadi. Meneja wa hapa anayejiwekea chokaa ya miezi miwili ana akili ileile ya mama wa mtaa wa Katuba anayeficha gunia la unga chumbani, maana anajua Zambia ikizuia mahindi, bukari, ugali wetu, itapanda bei kabla wiki haijaisha. Hakuna wa kumlaumu.

Toyota wenyewe walilipata funzo hilo kwa moto. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin huko Kariya, Japani, kiliungua. Ndicho kilichotengeneza karibu vali zote za breki za magari yao, na akiba iliyokuwapo ilikuwa ya saa chache tu. Mitambo ya Toyota ikasimama nchi nzima. Kilichowaokoa ni watu: makampuni mengi, mengine hayajawahi kutengeneza vali maishani, yaligawana michoro na mashine, na baada ya siku chache magari yakaanza tena kutoka. Baadaye, tetemeko la 2011 lilipokata njia za vipuri, Toyota waliwataka wauzaji wao wa vipuri vya elektroniki waweke akiba ya miezi. Kumbe hata kwao ghala si mwiko.

Hata hivyo ghala lina ubaya wake, nao sisi tunaozoea kurundika tunapaswa kuuogopa: linaficha makosa. Shehena ya chokaa iliyoingia na unyevu hukaa chini ya turubai miezi miwili, na siku inapoharibu kazi, lori limekwenda zamani na aliyeipokea yuko zamu nyingine. Kosa limepoteza mwenyewe. Kwa hiyo mji unaolazimika kuweka akiba kubwa unahitaji zaidi kuliko Japani ile nusu ya pili ya mfumo, ambayo haisemwi sana: kusimamisha kazi mara kasoro inapoonekana.

Itazame ndani ya jumba la mabirika. Mabamba ya chuma cha pua yananing'inia kwenye maji ya buluu, kila moja likitazamana na bamba la risasi, na umeme unajenga shaba juu yake polepole kwa takriban wiki moja. Wakati mwingine kinaota kinundu, mwanzoni kidogo kama punje ya mahindi. Kikiachwa kitakua mpaka kiguse bamba la pili, nayo ni shoti: umeme unapotea, joto linapanda, na shaba inaweza kuchafuliwa na risasi. Mnunuzi anataka usafi wa asilimia 99.99. Mizani ya mlangoni haitausafisha mzigo uliokwisha kuharibika. Ubora wake uliamuliwa na mtu aliyekuwa akitembea juu ya mabirika, akatambua bamba linalochemka, akasema.

Akasema. Hapo ndipo penye uzito. Sakichi Toyoda alitengeneza mashine ya kufuma inayojisimamisha uzi unapokatika, na kiwanda cha magari cha ukoo wake kikampa kila mfanyakazi kamba ya kuvuta anapoona kasoro. Mitambo ikisimama, msimamizi anakuja kuuliza kilichotokea, wala haji kutafuta wa kumkatia mshahara.

Mjini kwetu kusimamisha kazi kuna kumbukumbu nyingine. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, askari wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi. Makumi walikufa. Mgomo na kamba ya Toyota ni vitu viwili tofauti, najua. Lakini mzazi aliyerudi nyumbani salama mwaka ule aliwafundisha wanawe kuinamisha kichwa na kumaliza zamu, na ninaamini funzo hilo bado linatembea kwenye viwanda vyetu. Kijana anaona kinundu, anapima uso wa mkubwa wake, ananyamaza.

Kunyamaza huko ninakuona kuwa hasara kubwa kuliko ghala lililojaa. Barabara ya Kasumbalesa hatuiwezi peke yetu, wala nguzo za Inga. Hili tunaliweza bila lori wala mkopo. Wewe unayesimamia zamu, watangazie watu wako kesho asubuhi kwamba atakayesimamisha kazi kwa kasoro aliyoiona atalipwa siku yake nzima, hata akiwa amekosea. Kisha siku atakapoisimamisha mara ya kwanza, mlipe.