Taa ya Njia na Amana ya Usiku

Katika Kiswahili neno "mwanga" lina nyuso mbili. Ni nuru inayomwonyesha mtu njia. Na ni mchawi atembeaye usiku wakati wenziwe wamelala. Wingi ndio unaowatenganisha: mianga ni ya nuru, na wanga ni wachawi. Asili ya maneno hayo na iwe iwayo, sikio la Mswahili limezoea kuyapokea kwa sauti moja, na sauti hiyo yatosha kuwa onyo. Kinachong'aa gizani hakina budi kuulizwa kimetoka wapi, kimetumwa na nani, na kitakapoondoka kitaacha nini.

Onyo hilo lafaa kukumbukwa leo, ambapo taa za njia zitumiazo nguvu za jua zinasimamishwa katika vijiji na vitongoji vidogo, mara nyingi kwa jina la majaribio. Nguzo moja huchimbiwa njia panda, nyingine mbele ya msikiti, ya tatu karibu na skuli au pale madau yanapopandishwa ufukweni. Juu ya nguzo pana kibao cha kunasa jua, chini yake pana betri na taa ya LED. Mchana kibao hujaza betri. Jua likizama taa hujiwasha yenyewe. Haidai mafuta, wala haingoji waya kutoka mjini. Ufundi huu umri wake ni mdogo. Taa nyeupe ya namna hii iliwezekana baada ya kupatikana diodi yenye kutoa nuru kali ya buluu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa kuwa taa hii hula umeme kidogo, kibao kidogo kikatosha kuilisha.

Maswali ya fundi yafahamika: taa itawaka saa ngapi, betri itadumu miaka mingapi, chumvi ya bahari itakila chuma kwa muda gani. Ni maswali ya haki na yanastahili majibu. Lakini nyuma yake lipo swali ambalo hakuna chombo cha kulipimia: nuru ya njiani ni mali ya nani? Ni fahari ya mtawala, bidhaa ya mwenye kulipa, hisani ya mtoaji, au kitu kingine? Asiyelijibu swali hili aweza kusimamisha nguzo mia na mwisho wake asimwangazie mtu.

Jibu la kwanza, la fahari, visiwa vya Zanzibar vinalijua vyema. Sultani Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na jumba hilo likawa la kwanza Unguja kuwaka taa za umeme. Jina lake lenyewe lasema kila kitu. Nuru ilikuwa ajabu, na ajabu hutazamwa kwa mbali. Aliyesimama nje akiikodolea macho alirudi kwake kwenye kibatari kilekile. Nuru ya fahari humwangazia zaidi mwenye nayo kuliko apitaye njia.

Jibu la pili, la bidhaa, lilidhihirika mbali na mwambao huu, huko Highland Park, mji mdogo wa jimbo la Michigan nchini Marekani, uliozungukwa karibu pande zote na Detroit. Mji huo si wa kudharauliwa katika historia: ndipo mwaka 1913 kiwanda cha Ford kilipoanzisha mstari wa kuunganishia magari unaotembea. Mwaka 1930 ulikuwa na watu zaidi ya 50,000. Viwanda vikahama, watu wakahama, na hesabu ya mwaka 2020 haikufika watu 9,000. Mwaka 2011, kwa makubaliano ya kumaliza deni la umeme lililofikia takriban dola milioni 4, taa za njiani zaidi ya 1,000 ziliondolewa. Hazikuzimwa tu, nguzo zenyewe ziling'olewa ardhini. Mitaa ya makaazi ikabaki gizani katika nchi isiyo na upungufu wa umeme.

Mwenye kudai ana haki ya kulipwa, na hilo halina mjadala. Lakini hukumu ile ilimwangukia nani? Deni lilikuwa la manispaa, na giza likawa la bibi arudiye kazini usiku na la mtoto angojaye gari la skuli alfajiri. Nuru ikiwa bidhaa tupu, mnyonge huadhibiwa kwa hesabu ambazo hakuziandika yeye.

Wakaazi wa Highland Park hawakukaa wakalia. Mwaka 2012 waliunda jumuiya waliyoiita Soulardarity, jina linalochanganya roho, jua na mshikamano, wakachangisha fedha, na mwishoni mwa mwaka huo wakasimamisha taa yao ya kwanza ya jua katika mtaa wa Victor. Taa moja badala ya elfu moja! Mwenye kupima kwa hesabu angecheka. Lakini taa ile haikuwa na waya wa kukatwa, na walioichangia walijua ni yao. Jaribio lao lilipima zaidi ya betri; lilipima kama majirani waliofukarishwa wanaweza kushika kitu kwa pamoja.

Unguja nayo ilipewa mtihani wa namna hiyo. Umeme wake hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, wa kwanza mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa bila umeme huo kwa takriban mwezi mmoja, na tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010 kwa takriban miezi mitatu. Wenye uwezo walinguruma na majenereta yao. Wasio nao walirudi kwenye kandili na mishumaa, na maji ya mfereji yakakosekana kwa kuwa pampu nazo zilisimama. Waya mpya mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2013. Hata hivyo siku zile zilifundisha jambo lisilopaswa kusahauliwa: nuru inayoshikwa na mkono wa mbali ni ya kuazima, hata ikiwa ankara yake imelipwa.

Jibu la tatu, la hisani, ndilo linalofuatana zaidi na majaribio ya taa za jua. Mtoaji huja na nguzo, sheha huitwa, picha hupigwa, wageni huondoka. Hapa ndipo neno "jaribio" linapohitaji kuchunguzwa. Katika kila jaribio yupo ajaribuye na yupo ajaribiwaye. Ajaribuye hupata elimu, awe amefaulu au ameshindwa; ripoti ya taa iliyozimika nayo ni ripoti. Ajaribiwaye hubaki na nguzo. Taa yenyewe ya LED yaweza kudumu saa 50,000, yaani zaidi ya miaka kumi ikiwaka saa kumi na mbili kila usiku. Betri, hasa ile ya risasi na asidi, aghalabu huchoka katika miaka michache. Basi huja usiku ambao taa ni nzima na haiwaki, kama mtu mwenye macho mazima aliyefungwa kitambaa. Kijiji ambacho hakikuulizwa taa isimame wapi hakitajua fedha ya betri itoke wapi. Mfinyanzi hulia gaeni, wasema wahenga, na mwenye kijiji hutembea gizani chini ya nguzo ya taa.

Kabla ya kutafuta jibu la nne, haki yadai giza nalo lisikilizwe, kwani lina wenyewe. Wavuvi wa dagaa hutegemea usiku usio na mwezi: taa yao baharini, karabai zamani na LED siku hizi, huwakusanya samaki kwa sababu pembeni yake pana kiza. Vitoto vya kasa, vikitoka mchangani, hufuata upande ulio mweupe zaidi, ambao tangu azali ulikuwa upeo wa bahari. Taa iliyowekwa nyuma ya ufukwe huvipeleka kwenye mauti. Watazamao mwezi mwandamo huhitaji magharibi iliyo safi. Mwaka 2016 wanasayansi waliochora ramani ya anga za usiku duniani walionyesha kuwa thuluthi moja ya wanadamu hawaioni tena njia ya maziwa. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa Marekani kilishauri taa za LED za njiani zisizidi kelvini 3,000, yaani ziwe na nuru ya manjano kuliko buluu, kwa kuwa nuru ya buluu huvuruga usingizi na hutia macho kiwi. Na washairi wa mwambao, ambao kwao mbalamwezi ni shahidi wa mapenzi na nyota ni dira ya nahodha, wana hasara yao pia wasiyoweza kuidai mahakamani.

Upo utetezi wa taa ambao kila mtu huuelewa: usalama. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, amemsimulisha Glaucon kisa cha mchungaji aliyeokota pete yenye kumfanya asionekane. Akaitumia kumpata malkia na kumuua mfalme. Glaucon anauliza kama yuko mtu ambaye angeivaa pete hiyo akabaki mwadilifu. Giza la njiani ni pete hiyo, iliyogaiwa bure kwa kila mtu. Je, taa huwafanya watu kuwa wema? La. Humvua mwovu pete yake kwa hatua chache, naye aweza kungoja hatua zitakapokwisha. Wema unaoishia mwisho wa mwanga wa nguzo haujawa wema.

Lakini hoja hiyo, nzuri kwa mwanafalsafa aliyeketi baraza lake, haimtoshi mwanamke arudiye kutoka kumwuguza jirani. Yeye hahitaji taa imfundishe mtu tabia. Ahitaji kuona shimo, nyoka, na uso wa ajaye mbele yake. Haki yake haiwezi kungoja mpaka wanaume wote watakapotengenea. Hapa mizani yainama upande wa taa; ila yainama kwa njia apitayo yeye, kwa saa apitazo yeye, haiinamii ufukwe mzima hadi alfajiri. Taa inayotazama chini, yenye nuru ya manjano, ipunguzayo makali usiku wa manane, humpa mpita njia haki yake bila ya kumnyang'anya mvuvi na kasa haki zao.

Jibu la nne, basi, halina haja ya kutafutwa mbali. Waswahili wamelijua tangu hapo, na jina lake ni wakfu. Mtu mwenye minazi yake aliweza kuutenga mmoja kwa ajili ya msikiti. Nazi zikiuzwa, fedha yake ikanunua mafuta ya taa na mikeka. Mnazi huo ulikuwa hauuzwi, haurithiwi, wala hautolewi zawadi, na ulikuwa na msimamizi wake. Walioweka wakfu walifahamu kwamba kutoa taa bila ya kutoa mafuta yake ni kutoa nusu, na kwamba nusu hiyo humtia aibu mpokeaji zaidi kuliko kumfaa. Jua halina bei, na hilo limewadanganya wengi wakadhani taa yake nayo haina gharama. Mafuta ya taa ya jua ni betri, ni mkono wa kufuta vumbi na chumvi kwenye kibao, ni kijana wa palepale aliyefunzwa kufunga waya, na ni kikao cha kuamua.

Kijiji kinachotenga minazi miwili, au sehemu ndogo ya mnada wa samaki, kwa ajili ya betri ijayo kimekwisha kufaulu kabla ya fundi kuandika ripoti yake. Kisichopewa nafasi ya kufanya hivyo hakijajaribiwa, kimetumiwa. Na atakaye kujua iwapo taa ni mwanga wa mianga au wa wanga asiitazame usiku wa kwanza, wakati ngoma zinalia na watoto wanakimbizana chini yake. Na arudi baada ya miaka mitano, usiku usio na mwezi, aulize ufunguo wa sanduku la betri anao nani.