Mtoto Angejibu Nini?

Katika baadhi ya makanisa ya maombi hapa Hewa Bora, Lubumbashi, mtoto akishaitwa muloji, yaani mchawi, hana njia ya kushinda kesi. Akikana, pepo limemziba mdomo. Akinyamaza, anaficha. Akikiri, si amekiri mwenyewe? Mimi ni mwalimu wa hisabati, na wanafunzi wangu nawachosha kwa jambo hilo hilo: dai lisiloweza kukosea kwa vyovyote halijatuambia kitu.

Nilimwona mtoto wa jirani, miaka minane hivi, akihojiwa uani baada ya shangazi yake kufariki. Alikuwa ameamriwa kufunga tangu juzi. Hakuulizwa kama anaruka usiku. Aliulizwa anaruka na nani. Akamtaja bibi yake. Mlikula nini? Nyama. Watu wakapaza haleluya, naye akaletewa bukari na sombe. Mwenye njaa hujifunza upesi jibu gani linaleta sahani.

Nikihoji naambiwa: mwalimu, hayo mashaka ni ya Wazungu, sisi Waafrika ndivyo tunavyoamini. Sisi akina nani? Mwaka 1945, mji huu ukiitwa Élisabethville, kilichapwa hapa kitabu cha padri Mbelgiji, Placide Tempels, kilichowapa Wabantu wote falsafa moja ya nguvu ya uhai. Alitaka kututetea, hilo namkubalia. Lakini Paulin Hountondji wa Benin, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, alikataa kabisa wazo la Waafrika kuwaza kwa sauti moja. Kwake falsafa ni watu kubishana, kila mtu na hoja yake. Na pale uani aliyebisha alikuwa bibi mwenyewe, ambaye darasani hakuketi: marehemu alikuwa na homa wiki nzima, akasema, nani kati yenu alimpeleka hospitali? Wakamwambia anyamaze, naye ni mshitakiwa.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinakataza kumsingizia mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inampa msingiziaji kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Siku ile hakuna aliyeitaja.

Basi nawe ukiitwa kwenye kikao cha namna hiyo, muulize pasta mbele ya watu: mtoto angejibu nini ndipo umwachilie? Akikosa la kusema, mshike mtoto mkono muondoke.