Mgeni Ale, au Asile?



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii twaipenda, lakini Wakristo wa mjini au wa ng'ambo wanapokuja kutembelea mitaa yetu ya vijijini na hosteli za watoto, inatuletea swali gumu. Wageni wanafika mwezi wa Februari. Mahindi yangali shambani, fedha za korosho zimekwisha, ghala ni tupu. Hata hivyo kuku anachinjwa. Maji ya kunawa yanaletwa, na kila aliyeishi Newala ajua taabu yake, kwa maana vijiji viko juu ya uwanda na chemchemi ziko mabondeni. Hapo mgeni mwenye huruma humnong'oneza mwenzake, "Tusile, hawa ni maskini." Je, ni haki?

Wengi watajibu kwamba huo ndio upendo. Mimi nasema sivyo. Eliya alipofika Sarepta alimkuta mjane mwenye unga wake wa mwisho, naye akaomba mkate. Bwana wetu, pale kisimani Samaria, alianza kwa kuomba maji. Na wale sabini aliwatuma bila mkoba, akawaagiza wale watakachoandaliwa. Sababu ni nini? Atoaye siku zote asipokee kamwe hujifanya bwana, na mwenzake humfanya ombaomba. Mama aliyechinja kuku wake aliamua mwenyewe. Ukikataa sahani yake umemwambia kwamba hana kitu cha kumpa mtu.

Tukumbuke asili yetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja. Kanisa letu hapa lilianza likiwa mgeni katika nchi ya wenyewe. Naye Padre Cecil Majaliwa, aliyeonja utumwa utotoni, alipewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akawahudumia Wayao wa Chitangali. Yule aliyehesabiwa kuwa bidhaa akawa mtu wa kuwapa wengine. Basi tusimwambie mtu yeyote kwamba yeye ni wa kupokea tu.

Lakini hosteli ni jambo jingine. Shule za sekondari za kata zilienea sana baada ya mwaka 2004, na watoto wengi hutoka mbali. Hosteli huwaepusha na kupanga vyumba bila mlezi. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, ila katika hosteli nyingi chakula bado huchangwa na wazazi, kwa mahindi, maharage na fedha. Sasa msafara ukija, vipindi husimamishwa, watoto hupangwa juani waimbe na kupigwa picha, na wali na nyama huwekwa kwenye meza ya wakubwa. Nani aliwauliza watoto? Mjane wa Sarepta aliombwa, naye aliweza kukataa. Mtoto wa kidato cha kwanza hawezi.

Wako watakaosema, "Bila picha hatupati bati." Bati ni jambo jema, nami sidharau anayelileta. Lakini mtoto akijifunza kwamba umaskini wake ndio mali yake ya kuuza, tumempa paa na kumnyang'anya heshima. Mwalimu yeyote ajua kwamba somo la namna hiyo halifutiki ubaoni.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Kwa yule awezaye kukunyima, pokea kwa shukrani, hata kama ni kuku wake wa mwisho. Kwa yule asiyeulizwa, usichukue hata wimbo. Kijijini mgeni ale. Hosteli aje saa ya chakula, apange foleni na watoto, ale ugali na maharage yaleyale, na achangie gharama yake. Akitaka picha, aombe, na mtoto akisema hapana, iwe hapana.

Wazee wa kanisa mnaopanga ziara za mwaka huu, anzeni na hilo la kuuliza. Ndipo mwenyeji atapona, na mgeni pia.