JE, JIWE LA KABURI LASEMA YA NANI?

Maneno ya kaburini ni shairi fupi sana, na aliyelala chini yake hawezi kulisahihisha! Mshairi Mwingereza John Keats alikufa Roma mwaka 1821 kwa kifua kikuu, kijana wa miaka 25 tu. Aliagiza jiwe lake liwe na mstari mmoja, bila jina. Jina kweli halikuwekwa. Lakini rafiki zake wawili, Severn na Brown, wakaongeza yao: uchungu wa moyo wake, ubaya wa adui zake. Nani aliwatuma? Hasira ile ilikuwa yao, wakamvisha maiti! (Hata kwetu matanga huwa na wasemaji wa namna hiyo.) Baadaye Brown alijuta. Jiwe bado lipo, linasomwa mpaka leo.